Mguu wa Kushoto wa Timu ya Ghala

Jumatatu, 6 Agosti 1973

Nimeumia. Hakuna anayejua, na hakuna atakayejua.

Maelezo mafupi, yanisaidie nikizeeka. Mimi Shaibu, futi sita na inchi mbili, karani wa ghala la korosho hapa Mtwara. Ukarani nimeupata kwa urefu. Ndugu Elia, kocha wa mpira wa kikapu wa ghala, alinikuta Chikongola natundika kibao cha duka bila ngazi, akaniuliza kama nataka kazi. Mwaka wa tatu huu nacheza, na kwa kuwa nacheza, magunia nayaandika, siyabebi. Ndivyo timu za kazini zilivyo. Anayeruka hapewi gunia.

Leo mazoezini niliruka kudaka mpira uliogonga ubao. Kupanda, vizuri sana. Kushuka, nikatua juu ya mguu wa Mathayo. Kifundo changu cha kushoto kikajikunja, unyayo ukatazama mguu mwenzake. Kikalia kama kijiti cha muhogo.

Huyu Mathayo katoka Masasi miezi mitatu iliyopita. Futi sita na inchi nne. Meno yote anayo na anayaonyesha. Aliniomba radhi mara tatu. Mtu asiye na hatia haombi radhi mara tatu!

Nimewaambia mguu umekufa ganzi tu. Tarehe 22 timu inakwenda Dar es Salaam kwenye mashindano. Kwa ndege. Wanakwenda wachezaji kumi, nasi tuko kumi na mmoja. Sijapanda ndege maishani.

Jumanne, 7 Agosti

Kifundo kimekuwa embe dodo, kwa ukubwa na kwa rangi.

Mbinu ya leo: kuwahi kazini kabla ya watu wote, kukaa mezani, kutoinuka. Sikunywa chai nisije nikahitaji kwenda msalani. Mbinu imefanikiwa kupita kiasi. Ndugu Meneja kanisifu mbele ya wenzangu kwa bidii, kisha akanituma nizunguke ghala zima kuhakiki magunia. Nimezunguka. Nilikuwa naegemea kila gunia kana kwamba nalikagua kwa moyo.

Jioni mke wangu Mastura akauona mguu. Akapiga kelele. Nikamsihi asimwambie mtu. Akamwambia mama yake, ambaye ametoka Nanyamba kututembelea.

Bi Mwasiti anajua kukanda viungo, sifa zake zimefika mbali. Lakini mkwe hashiki mguu wa mkwe. Akakaa nyuma ya pazia na kuamuru. Mastura akashika mguu, maji ya moto yenye chumvi pembeni. Sauti ikatoka pazia­ni: “Nvute! Nvute sana! Usinwachie!” Mastura akavuta. Nikaita mama yangu, na marehemu bibi yangu. Bi Mwasiti akauliza mguu umelia wapi. Mastura akasema upande wa kidole kidogo. Kisha Bi Mwasiti akasema huko si kuteguka, ni mfupa, na mfupa yeye haukandi. Niende hospitali kesho asubuhi.

Nimeshukuru kwa adabu. Siendi. Hospitali wanaandika majina.

Alhamisi, 9 Agosti

Mazoezi. Nimefunga kifundo kwa kitambaa cha shuka, soksi mbili, na raba nimeikaza mpaka vidole vikapoteza fahamu. Maumivu yamepungua. Na mguu wenyewe pia, sikuusikia upo wapi.

Ndugu Elia akauliza mbona sirudi nyuma kulinda. Nikamweleza ni mtindo mpya, mchezaji mmoja anabaki chini ya kikapu cha adui kuusubiri mpira. Akaniuliza nimeusoma wapi. Nikasema gazetini. Akauliza gazeti gani. Nikasema la zamani.

Mathayo kwa upande wake alikimbia kama aliyetumwa na mfalme. Aliporuka, nikatazama anavyotua: miguu miwili, magoti yamelegea, kimya kama paka. Kijana wa Masasi! Nani kamfundisha? Nikamuuliza. Akasema ndivyo Ndugu Elia anavyotufundisha kila Jumatatu.

Huwa nachelewa Jumatatu.

Ijumaa, 10 Agosti

Baada ya sala ya Ijumaa nimepata mbinu. Sikuipata msikitini, ni njiani.

Nimemfuata Ndugu Elia nyumbani kwake Chuno, nikamwambia kwa masikitiko makubwa kwamba Mathayo anaficha jeraha. Kwamba nimemwona anachechemea akidhani hatazamwi. Kwamba nampenda kama mdogo wangu, na sitaki aharibikiwe huko Dar es Salaam mbele za watu. Ndugu Elia alinisikiliza mpaka mwisho. Akanishukuru. Akasema hilo ni jambo zito na atalishughulikia.

Nimerudi nyumbani kwa furaha, kwa mguu mmoja na robo. Mastura kapika ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Nimekula ya watu wawili.

Jumamosi, 11 Agosti

Mchezo wa kirafiki na timu ya walimu. Uwanja wa saruji, jua la saa kumi, watu wengi. Ndugu Meneja alikuwepo, na mkewe, na mwavuli.

Kipindi cha kwanza nilisimama chini ya kikapu chao kama nilivyotangaza. Mpira ukanifikia mara mbili, nikafunga mara mbili. Watu wakaliita jina langu. Mtindo mpya umekubalika!

Kipindi cha pili mwalimu mmoja mnene akanisukuma. Nikaruka kwa hasira na mguu wa kushoto. Sikumbuki kutua. Nakumbuka sauti ile ile ya kijiti, safari hii kijiti kizima, na saruji shavuni. Mathayo ndiye aliyenifikia wa kwanza. Nikamwambia nimeteleza kwenye jasho lake.

Nikainuka. Nikamaliza mchezo nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Tumeshinda kwa pointi tatu. Ndugu Meneja akanishika mkono. Ndugu Elia hakunishika mkono. Alikuwa ananitazama raba.

Jumatatu, 13 Agosti

Msiba.

Asubuhi Ndugu Elia kawakusanya wachezaji wote, akasema kapata habari kutoka kwa mtu mwaminifu kwamba kuna anayeficha jeraha. Hakutaja jina. Basi wote kumi na mmoja twende hospitali tukapimwe miguu, leo hii, kabla ya kuchagua majina ya Dar es Salaam.

Nikasema mimi nina kazi nyingi. Ndugu Meneja akasema karani wa mfano apewe ruhusa.

Wenzangu walikwenda kwa miguu. Mimi niliketi kwenye keria ya baiskeli ya Mathayo. Alijitolea mwenyewe. Njia nzima alikuwa akiuliza kama ananirusha, na kwenye kila shimo alishuka akakokota. Nilitamani anitupe mtaroni, tuwe sawa.

Mganga alimgusa Mathayo kifundo, akakizungusha, akamwambia ana miguu ya kufundishia. Aliponifungua mimi akaita wauguzi wawili waje waone. Nikapigwa picha. Mfupa wa nje ya mguu, ule unaoelekea kidole kidogo, umepasuka. Akasema huenda Jumatatu iliyopita ulikuwa ufa tu. Akaniuliza nani aliyecheza juu yake. Plasta mpaka chini ya goti, wiki sita, na kwa kuwa mguu umevimba sana nilale hapa nimeuinua.

Nje ya dirisha nikamsikia Ndugu Elia anasoma majina kumi. Nilihesabu kwa vidole. Kidole cha kumi kilikuwa Mathayo.

Jumanne, 14 Agosti

Wodini. Kitanda cha pili yuko kijana anaitwa Josephu. Katoka ng'ambo ya Ruvuma, kwenye vita vya ukombozi. Mguu wake wa kushoto umebaki huko, alikanyaga bomu lililofukiwa njiani. Anaeleza kama mtu anayeeleza alivyopoteza kofia.

Akaziona raba zangu chini ya kitanda. Akaniuliza kama ile ya kulia naweza kumpa. Nikamweleza kwamba kwa wiki sita na mimi nitavaa ya kulia tu. Akafikiri. Akasema, “Basi kaka, una viatu viwili na bado hunifai.” Tukacheka mpaka muuguzi akaja.

Akataka kujua mpira wa kikapu ni nini. Nikamweleza. Akauliza sasa mguu unauma wiki nzima na mimi naruka, nilikuwa namficha nani? Nikasema kocha. Akasema wake haukumpa hata sekunde moja ya kusikia maumivu, akashangaa mimi nilipewa siku saba nikazitumia kudanganya.

Nadhani ananionea wivu.

Mchana alilala. Akiwa usingizini mkono ukashuka kukuna mahali ambapo mguu ungekuwa, juu ya shuka tupu. Sikucheka. Alipoamka nikampa ile raba ya kulia. Akauliza ya kushoto nitabaki nayo ya kazi gani. Nikampa zote mbili.

Jumapili, 19 Agosti

Nyumbani. Barua kutoka kwa Ndugu Meneja, nifike kesho saa mbili. Mastura kasoma mara mbili, akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Tunajua maana yake. Asiyecheza abebe magunia. Na kwa mguu huu sibebi hata mwavuli.

Bi Mwasiti kasema twende Nanyamba tukalime mikorosho, ardhi ipo. Kasema kwa upole, kutoka nyuma ya pazia. Upole wake ndio ulioniumiza.

Nimepata mbinu.

Jumatatu, 20 Agosti

Nilifika kwa magongo. Kabla Ndugu Meneja hajafungua mdomo nikamweleza kwamba mguu umevunjikia kazini. Gunia liliniangukia siku ile aliponituma kuzunguka ghala. Sikutaka kulalamika, kwa mapenzi ya kazi. Nilieleza vizuri, hata machozi yalikuwa karibu.

Akaniuliza kama gunia hilo lilikuwa mwalimu mnene.

Nilisahau. Alikuwepo. Na mwavuli.

Akaniacha nisimame kidogo. Kisha akasema, “Ndugu Shaibu, kaa chini. Karani hukaa. Ulidhani kazi yako inafanywa na mguu?” Kumbe alikuwa ameniita kunipa daftari la msimu mpya. Kasema mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa wote ghalani, na amekuwa akisema hivyo tangu mwaka juzi, ila mimi nilikuwa nasikiliza sifa za kikapu tu. Wiki nzima ile kumbe hakuna aliyetaka kuninyang'anya kitu!

Nikamwambia Mastura. Akaketi mlangoni akalia, halafu akanipiga na upawa.

Jumapili, 26 Agosti

Timu imerudi. Nafasi ya pili! Mathayo kaja kunisalimu, kaniletea picha ya ndege. Siku ya kwanza huko aliteguka kifundo. Alimwambia kocha pale pale, akatoka, akakaa na barafu siku mbili, akarudi kucheza mchezo wa mwisho, akafunga pointi kumi na nane.

Bahati tu.

Jumatatu, 24 Septemba

Plasta imetolewa. Mguu umetoka mwembamba, mweupe, una magamba, kama wa mtu mwingine aliyekosa chakula. Mganga kasema mfupa umeunga vizuri. Kasema nitembee taratibu. Nisikimbie wala kuruka kwa miezi mitatu, na kama nataka kuzeeka na miguu miwili nimsikilize safari hii. Nikamwahidi kwa kuweka mkono kifuani. Mastura alikuwepo, shahidi.

Mchana, ubao wa matangazo wa ghala. Timu yetu ya mpira wa miguu inatafuta golikipa, mrefu, haraka, wanakwenda Lindi Jumamosi. Nimeandika jina langu. Nimewaza kwa makini kabla ya kuandika. Golikipa anatumia mikono.