Mvua Iliyotoka kwenye Bafle

Jumatatu, 30 Septemba

Siku mbaya. Warda anataka kuondoka! Ingekuwa kuolewa, ningepiga vigelegele. Lakini ni muziki! Jumamosi anakuja bibi mmoja wa Bujumbura, Madame Chanceline, kusikiliza kikundi chao, Taa za Ziwa. Akikipenda anakichukua mwaka mzima. Bujumbura kwanza, halafu nchi za watu. Mutoto wangu mumoja! Huko nani atamwambia avae sweta?

Nikauliza kikundi gani cha watu watatu. Yeye na ordinateri yake, hiyo kompyuta. Akonkwa na lulanga ya babu yake, ule ubao wenye nyuzi wa Wabashi. Eliana na bihozo, nyimbo za Kirundi za kubembeleza watoto. Na ngoma iko wapi? Ati iko ndani ya ordinateri. Nimeitazama. Nyembamba kama chapati. Ngoma itakaaje humo?

Nikaanza mupango palepale. Nikashika goti, nikalia kwamba siwezi kutembea, nani atanitunza. Warda, maskini, alinikanda kwa mawese ya Minago mpaka akatoka jasho. Halafu mbuzi akaingia kwenye ndagala zangu, dagaa nilizoanika. Nikamkimbiza hadi kwa Jovita! Jovita ni jirani yangu hapa mwaloni, ufukwe wa wavuvi, tunaanika bega kwa bega, na mdomo wake haujui likizo. Akauliza kwa sauti hilo goti limepona kwa dawa gani, na yeye apate. Warda alisikia.

Goti limekwisha kazi.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimekwenda kuchungulia. Wanafanyia mazoezi chumba cha nyuma ya saluni, magodoro yamesimamishwa ukutani. Nilisimama chini ya dirisha nikijifanya natafuta kuku.

Kwanza lulanga. Peke yake, taratibu, kama mzee anayejisemea. Kisha Eliana, nusu anaimba, nusu ananong'ona. Nikasema aa, haya ya kawaida. Halafu Warda akagusa kitu. Jamani! Ardhi iliguna chini ya miguu yangu. Sauti nzito, inapumua, kama ziwa wakati wa giza, hulioni lakini unajua liko. Moyo ulihama kifuani ukashuka tumboni. Kuku wa kweli akatokea, akakimbia.

Na ndani ya ile sauti, dufu.

Lile dufu nalijua. Linachelewa kidogo kwenye pigo la tatu, kama mtu aliyekumbuka kusalimia. Feruzi! Marehemu mume wangu, alivyokuwa akipiga Maulidi! Warda amemtoa kwenye kaseti ya zamani akamtia mule. Yuko kaburini tangu mutoto akiwa na meno ya maziwa, na leo anapiga. Lulanga ya mzee wa Bukavu, babu wa Akonkwa, inamjibu, na mashine iliyozaliwa juzi inawabeba wote wawili mgongoni. Nilikaa chini kwenye maji machafu ya saluni. Sikujali. Subhanallah.

Sasa ndiyo nimeogopa kabisa. Kitu kizuri hivi, nani atakiona akiache? Lazima nizuie.

Jumatano, 2 Oktoba

Walikuja mwaloni kuchukua sauti zetu. Akonkwa kashika mikro yenye manyoya, kama paka aliyechomekwa kwenye fimbo. Anataka mawimbi, fagio, wanawake wanaogeuza ndagala. Nikaona hapo hapo. Niwaharibie!

Kwetu hapa, anayeona wingu kwanza upande wa Kongo anaita, na wote wanakimbia kuanua ndagala, za kwako na za jirani. Huulizi. Hutazami juu. Ukiita uwongo, unaosha mabeseni ya mwalo mzima wiki nzima. Na mwitaji mkubwa ni mimi. Koo langu linasikika hadi kijiji cha Kabonga.

Nikajaza kifua. “Yooo! Mvua iyoo! Anua, anua, anua!”

Wee! Wanawake walipita kama moto kwenye nyasi kavu. Mabeseni, vitenge, kelele, Jovita akamkanyaga yule paka wa Akonkwa. Ndagala zote zikaingia ndani. Ndipo tukatazama juu. Mbingu safi kama sahani ya mgeni.

Naosha mabeseni mpaka Jumatano ijayo. Na Akonkwa? Alikuwa anarukaruka kwa furaha! Ati murakoze, asante sana Mama Warda, umetupa moyo wa wimbo. Akaomba nirudie. Sikurudia. Nina heshima zangu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mupango mupya, huu hauna tundu. Kesho wanawake wote wa mwalo tutaketi mbele na hatutapiga makofi. Hata kidole. Madame ataona ukumbi umekufa, atapanda gari lake, Warda atabaki, nitampikia mboga ya lengalenga. Wengine nimewabembeleza mpaka ulimi umekauka. Jovita alikubali mbio. Alisema kumuona mutoto wa mwenzake anashindwa, angekuja hata na homa. Jirani mwema.

Jioni Warda kaniletea kitenge kipya. Kaomba nikae mahali atakaponiona, kwa sababu anaogopa. Nikasema ndiyo, mwanangu. Nikakikunja kile kitenge, nikakikunjua, nikakikunja tena.

Jumamosi, 5 Oktoba

Siamini bado.

Tulijaa mbele mchana, kwenye ukumbi ulio hatua chache tu kutoka mwaloni, ndagala tumeziacha juani. Jovita kulia kwangu, mikono kaikalia. Madame Chanceline kushoto, viatu vyeupe, uso wa mtu anayeonja mboga ya wengine. Mbele bafle mbili, yale masanduku meusi ya sauti, marefu kuliko mimi. Warda kasimama katikati yake, mdogo kama siku niliyomwachisha ziwa. Akanitafuta kwa macho. Akaniona.

Wakaanza. Nisemeje? Eliana alibembeleza, na ukumbi mzima ukawa mutoto. Lulanga ilidondoka kama matone ya kwanza kwenye bati. Chini yake ile sauti ya ziwa ikaja, ikatuinua, wote, pamoja na viti. Nilisikia fagio langu mule! Fagio! Nimefagia maisha yangu yote, sikujua kwamba ni muziki. Nilipojitazama nilikuwa nimesimama, napiga makofi, machozi yananitiririka. Nikamgeukia Jovita anikemee. Jovita alikuwa anacheza!

Kisha vyote vikanyamaza. Dufu la Feruzi tu. Na kwenye bafle, kubwa kama baragumu la Kiyama:

“Yooo! Mvua iyoo! Anua, anua, anua!”

Nilikimbia. Wallahi nilikimbia wa kwanza! Nilikanyaga kiatu cheupe cha Madame. Nyuma yangu mwalo mzima, viti chini, mlango ukabaki na bawaba moja. Nilikuwa tayari nimekumbatia beseni ndipo nikauliza nani ameita. Jua linawaka. Jovita akanitazama, akatazama ukumbi. Sauti bado inaita kule. Akauliza polepole: “Mama Warda, uko hapa ao uko kule?”

Nikasikiliza. Mimi naita, dufu linajibu. Mimi naita, Feruzi anajibu. Kama zamani, yeye anapiga barazani na mimi niko mchangani. Niliinama nikageuza ndagala ambazo hazikuhitaji kugeuzwa.

Madame akatoka na kiatu mkononi. Nikasema basi, nimeshinda, ukumbi mtupu. Akasema wimbo wa kuwachezesha watu ameusikia nchi nyingi. Wa kuwatoa kwenye viti waende kazini, hajausikia popote. Amewachukua palepale.

Jumatatu, 7 Oktoba

Wameondoka. Nimempa Warda ndagala, mawese na sweta mbili. Akanikumbatia, akasema sauti yangu na ya baba yake zinaenda naye, hatakuwa peke yake. Nikasema sawa, ila yangu aiweke karibu na zile sweta.

Mabeseni bado.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo wingu. La kweli! Jeusi, limetoka Kongo linakuja mbio. Nikaita kwa koo lote. Wanawake wakainua vichwa. Wakatazamana. Halafu Jovita akaweka mikono kiunoni, akaanza kucheza ule wimbo! Wote wakaingia, bega hapa, kiuno pale, anua, anua! Nikalia kwamba jamani ni kweli. Wakasema ongeza, Mama Warda, ongeza!

Mvua ikapiga. Ndagala zangu, zao, zote zimelowa, nyingine zimerudi ziwani kwa miguu yao. Tumetota, na hakuna aliyeacha kucheza. Mimi nilicheza kidogo tu.

Baraza la mwalo limekaa. Mabeseni tena wiki nzima, kwa sababu nimeita kweli kwa sauti ya uwongo. Jovita ndiye aliyetoa hoja.

Jioni Warda alipiga simu. Wanakula vizuri. Sauti yangu imemliza mtu mzima huko Bujumbura. Nikasema alhamdulillahi, nikashusha sauti, nikamwambia siwezi kuongea sana, jino linaniuma vibaya, linataka mutoto wa kulitazama. Goti alishalijua.

Jino halikimbizi mbuzi.