Mwenye Ufunguo wa Kisanduku

Jumatatu, 9 Juni

Leo neema! Mama Valeria, bosi wetu hapa kwenye karakana ya kukaanga kahawa Kiboriloni, anatafuta mtu wa huduma ya kwanza. Atavaa kizibao cha kijani na kutunza ufunguo wa kisanduku. Tumejitokeza wawili: mimi na Gladness wa kwenye kikaangio. Uteuzi Jumatatu ijayo. Nimeshamwambia mke wangu, naye kashaitangazia jumuiya nzima. Sasa nikikosa nitajificha wapi?

Jumanne, 10 Juni

Mafunzo saa nne mfululizo. Nimeshika jambo moja kubwa: majeruhi asisogezwe. Mengine yamenipita, kiti kilikuwa laini. Gladness kaandika kurasa sita. Kujipendekeza tu! Mimi nimeomba ufunguo eti nikague vifaa. Nimeuvaa shingoni, siurudishi.

Alhamisi, 12 Juni

Balaa. Gladness kaungua mkono kwenye kikaangio. Akakimbilia bombani, hatua tatu tu. Nikamzibia njia, nikamwambia majeruhi hasogezwi. Akafoka kwamba hilo ni la mtu aliyeanguka akaumia mgongo, nimpishe. Sikumpisha! Akanipiga teke gotini, akapita, akauweka mkono chini ya maji yanayotiririka dakika ishirini. Nikamfuata na dawa ya meno. Mama Valeria akaninyang'anya dawa ya meno, kisha ufunguo. Goti linauma. Hakuna hata aliyenipa pole.

Ijumaa, 13 Juni

Shikamoo yangu kwa Mama Valeria haikujibiwa. Baadaye kasema Gladness asiponisamehe, nisahau habari ya kisanduku. Gladness kaapa hatanisemesha. Nimekosa raha kabisa.

Jumamosi, 14 Juni

Kumbe rahisi! Isale! Mchagga gani apelekewe jani la isale akatae kusamehe? Moja linatosha, lakini mimi nataka uhakika. Nikachukua panga, nikaenda kwa baba, kwenye masale yaliyopandwa mpakani mwa shamba, kukata rundo. La nane nikalikata pamoja na kidole.

Nikafika kwa Gladness mkono mmoja masale, mwingine damu. Masale hakuyatazama. Alinikalisha, akakandamiza kidonda kwa kitambaa safi, akaniinua mkono juu, akaniamuru ninyamaze. Yote hayo kwa mkono mmoja, wa pili, ule niliouzuia maji, umefungwa bandeji. Nikaona aibu kweli. Damu ilipokata ndipo akapokea jani moja. Kasema amesamehe kwa heshima ya isale, siyo yangu. Nikalia. Kidole kilikuwa kinauma.

Jumatatu, 16 Juni

Kizibao kapewa Gladness. Kaomba mwenyewe niwe msaidizi wake, pengine nitajifunza. Kesho anakwenda zahanati kusafishwa kidonda, kwa hiyo ufunguo umerudi shingoni kwangu!

Nimekikagua kisanduku. Bandeji na pamba zimejazana hovyo, hakuna nafasi. Nimezitoa zote, nikapanga masale yangu saba yaliyobaki. Sasa ajali yoyote na itokee.