Choo cha Soko la Pamoja

Balozi hakuwahi kuwa balozi wa kitu chochote. Jina alilipata kwa suti yake ya kijivu na mdomo usiochoka. Asubuhi hiyo alikuwa kwa kinyozi, povu shavuni, redio ikitangaza kwamba nchi jirani zimekubaliana kuanzisha soko la pamoja.

"Soko jipya," kinyozi akasema, wembe hewani. "Sijui watalijenga wapi."

Balozi akafumbua jicho moja. Yeye alijua kwamba soko la pamoja si mabati wala matofali. Ni wakubwa kukubaliana bidhaa zivuke mpaka bila ushuru. Alijua pia kwamba kinyozi hajui. Katikati ya mambo hayo mawili mna riziki ya mtu.

"Kiwanja cha nyuma ya stendi," akanong'ona. "Lakini hujayasikia kwangu."

Na riziki aliihitaji kweli. Alikuwa amebeba cherehani ya dada yake "kuipeleka kwa fundi", akaiweka rehani. Dada ndiye aliyemlisha yeye, na cherehani ndiyo iliyomlisha dada. Alikuwa ameapa kwamba itarudi Ijumaa.

Kufika mchana, kiwanja kilikuwa na vigingi na kamba, na Balozi katikati, tepu ya dada yake shingoni, anauza vizimba. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Mitumba, muuza nguo kuukuu, mwenye sauti ya kufukuza mvua.

"Cha getini changu," akasema.

"Mama yangu, geti wameshaliomba watu wa ng'ambo ya mpaka."

"Hao watanikuta nimekaa."

"Lakini soko ni la pamoja, mama."

"Pamoja ni huko nyuma. Mbele nikae mimi."

Muuza viatu alitaka kizimba popote, mradi wa ng'ambo wasilete viatu. Kinyozi alitaka waje wote, ila wawe wameshanyolewa. Wataalamu huketi mwaka mzima hotelini kutafuta kwa nini mataifa hayaelewani kibiashara. Wangepita pale, wangerudi nyumbani mapema.

Alhamisi mifuko ya suti ilikuwa imevimba. Balozi alikuwa njiani kwenda kuikomboa cherehani Mama Mitumba alipomshika mkono.

"Mwanangu, vizimba umemaliza, hongera. Choo kimechukuliwa na nani?"

"Choo gani?"

"Cha soko. Mataifa yote hayo yatakula, yatakunywa. Kizimba kinaweza kukosa mteja. Choo hakikosi." Akasogea karibu. "Wakubwa wamempa binamu yangu, ila anaumwa, anataka kukiachia. Wameshaanza kuchimba."

Balozi alicheka kimoyomoyo, kisha akaenda kiwanjani kuhakikisha. Kweli, wanaume wawili walikuwa shimoni hadi kifuani.

"Mnachimba nini?"

"Choo cha soko la pamoja."

"Nani kawatuma?"

"Wakubwa."

Soko alilitunga mwenyewe, hilo alilikumbuka vizuri. Lakini huenda serikali nayo ilikuwa imesikia, ikaona ni wazo zuri. Akarudi mbio, akamwaga mifuko yote mikononi mwa Mama Mitumba, akapewa ufunguo wenye kipande cha waya. Cherehani? Choo kile kingenunua kumi.

Ijumaa alishinda juu ya jiwe, ufunguo mkononi, akisubiri mataifa. Wachimbaji hawakurudi. Jua lilipogeuka ndipo alipotambua kwamba shimo halina mlango, na ufunguo hauna kufuli.

Alirudi nyumbani akitunga uongo wa kumpa dada. Uchochoroni akasikia tak-tak-tak anayoijua. Dada alikuwa kwenye cherehani yake. Pembeni, kwenye kigoda, alikaa Mama Mitumba.

"Fundi wako hodari, kaka," dada akasema bila kuinua kichwa. "Imerudi kama ilivyoondoka."

Balozi akauficha ufunguo mfukoni.

"Nilikuja nishonewe pazia la kizimba changu," Mama Mitumba akaeleza. "Dada yako akasema cherehani haipo. Nikamwambia nani kaniuzia kizimba. Tukatazamana."

"Na pesa za watu?"

"Kila mtu karudishiwa zake. Tukakata kidogo kila mmoja, tukawalipa wachimbaji na kuikomboa cherehani." Akajifuta jasho. "Mpakani wamefuta ushuru, mwanangu. Ushuru wa ujinga bado upo."

"Na mimi je?"

"Wewe una choo," dada akasema. "Kakifukie kabla mtoto wa mtu hajatumbukia. Koleo liko nyuma ya mlango. Ukimaliza, chakula kipo."

Jioni wapita njia walimwona mwanamume mwenye suti ya kijivu akirudisha udongo shimoni.

"Unafukia nini, Balozi?" mmoja akauliza.

"Choo changu. Nilitapeliwa."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, kisha kila mmoja akaushika vizuri mfuko wake na kuondoka haraka. Katika wiki nzima hilo ndilo neno pekee la kweli alilosema, na hakuna aliyelinunua.