Wapanda Farasi wa Fremu ya Marthe

Jumatatu, 7 Agosti 2017
Nimechoka. Mke wangu Marthe kanunua fremu kuukuu kwa wachuuzi wa mtaani kwetu, Marshalltown. Anataka itiwe picha ya harusi yetu, ile moja tu tuliyotoka nayo nyumbani Uvira, kabla dada yake Orpha hajafika Jumapili. Ndani ya fremu kulikuwa na mchoro wa wino: askari na mikuki, wapanda farasi, vumbi, mtu kalala chini. Marthe akasema niutupe. Nitupe utajiri!

Jumanne, 8 Agosti
Nimemwonyesha Ignace, fundi cherehani mwenzangu wa meza ya jirani. Kasema kitu cha kale hakiwi cheupe hivi, huu ni wa juzi. Ana wivu tangu mchungaji aniletee mimi suti yake. Lakini maneno yake yananitafuna. Karatasi ni nyeupe mno, kweli.

Jumatano, 9 Agosti
Sikukuu ya wanawake ya nchi hii. Nimechemsha sufuria nzima ya chai kavu. Marthe karibu alie kwa furaha, maana tangu tuoane sijawahi kumchemshia chai. Akauliza kikombe chake kiko wapi. Mchoro ulikuwa tayari umo ndani ya sufuria, unazeeka.
Eish. Miguu ya farasi wawili imeyeyuka. Nimeupiga pasi mchoro, nikawarudishia miguu kwa kalamu ya biki. Mmoja kapata mitano. Vitani nani anahesabu?
Marthe hasemi nami.

Ijumaa, 11 Agosti
Teksi hadi Randburg, kwa mama mmoja mzungu anayekagua vitu vya kale. Akautazama kwa kioo cha kukuzia. Akaunusa. Akavua miwani, akaifuta, akauinamia tena. Nikaanza kutabasamu.
“Mchoro ni wa kweli, una zaidi ya miaka mia tatu,” akasema. “Chai ni ya wiki hii.”
Akauliza nani kafanya unyama huu. Nikamtaja Ignace.
Njia nzima ya kurudi nilitamani kulia.

Jumapili, 13 Agosti
Orpha kafika. Marthe kaniomba, kwa upole, nitie picha ya harusi kwenye fremu. Maneno yake ya kwanza tangu Jumatano. Nampenda mke wangu, nataka afurahi.
Ila nimeishika picha, naona inang'aa mno. Ndani ya fremu kuukuu vile, Orpha atadhani tulioana mwaka jana.
Wako sebuleni, wanacheka. Kosa langu lilikuwa moto. Safari hii nimeiacha chai ipoe kwanza.