Kengele Isiyojua Kunyamaza

Jumatatu, 4 Machi
Dakika kumi na moja nimesimamishwa kwenye kivuko cha reli. Kumi na moja! Treni ya Buenos Aires imeshapita, mkia wake umeshatoweka, lakini kengele inalia na kizuizi kiko chini. Medialuna mia mbili, vimikate vyangu vya siagi vilivyopinda kama mwezi mchanga, zimetoka kwenye oveni alfajiri, zinapoa nyuma ya gari la marehemu baba. Klabu ya wazee hunywa chai saa moja na nusu. Nimefika, Baldassarre keshapanga sinia zake. Yule naye mwoka mikate! Duka lake liko ng'ambo, hana reli ya kuvuka. Katibu wa klabu amesema nikichelewa tena wiki hii, oda yote ni ya Baldassarre.

Jumanne, 5 Machi
Nimempelekea Mama Zulema, mlinzi wa kizuizi, medialuna sita za moto. Nikamwomba aninyanyulie kidogo tu treni ikishapita. Amekula zote sita. Kisha akaniambia kengele ikiendelea kulia, ipo treni ya pili inayotoka upande wa pili, imefichwa na ile ya kwanza. Nikamjibu nimeishi hapa miaka arobaini na saba. Akasema, "Basi Fermín mwanangu, jitahidi ufike arobaini na nane." Hana shukrani.

Jumatano, 6 Machi
Barua kwa wakubwa wa reli: kengele yao ni mbovu, inalia ovyo. Nilitaka sahihi thelathini. Nimepata yangu. Mke wangu Graciela amekataa, eti kengele ile ina akili kunishinda.

Alhamisi, 7 Machi
Nimegundua! Kinachonizuia si kizuizi, ni kelele. Kengele ikilia, mguu wangu unakanyaga breki wenyewe. Nimenunua pamba ya masikio. Tena kila kizuizi kinaziba nusu ya barabara tu. Ukipinda kushoto, ukapinda kulia, umepita. Waliojenga hivyo walitaka tufanye nini?

Ijumaa, 8 Machi
Treni ya kwanza ikapita. Kimya kitamu. Nikapinda. Gari likazimika katikati ya reli.

Mama Zulema akaja mbio na bendera nyekundu, mdomo wazi. Nikadhani ananitukana, nikamrudishia. Akafungua mlango, akanivuta kwa ukosi hadi kwenye kokoto. Treni ya pili ikalizoa gari la baba. Mama Zulema alikaa chini, kiatu kimoja hana, akalia. Kisha akaiona pamba. Akanizaba kofi. Hilo nililisikia.

Oda imekwenda kwa Baldassarre. Na medialuna zangu? Zimefika kituo kinachofuata kabla ya saa moja na nusu, zimegandia mbele ya treni. Kumbe treni ikitaka haichelewi!

Jumapili, 10 Machi
Shemeji ameniazima gari. Katibu amekubali kunijaribu kesho, kwa huruma.

Nimeandika barua nyingine kwa wakubwa wa reli, kali kuliko ya kwanza. Kengele yao haina sauti ya kutosha. Dereva aliyeziba masikio atasikiaje? Aibu kubwa!

Graciela ameuliza kwani ni lazima nizibe. Swali gani hilo? Nisipoziba, kengele inanikera. Nimeshanunua pakiti nyingine ya pamba.