Jukwaa la Kutazamia Ndege

Jamani, leo nimepatikana. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani hapa Kamunyonge, hata simu ya mume wangu sipokei.

Mnajua kazi yangu ni kuchora majengo. Kijiji cha ukweni, kule pembeni mwa ziwa, walitaka njia ya kufika majini. Wengi walitaka matete yafyekwe yote, pawe peupe. Nikakataa, maana samaki wetu, sato, wanazalia humo. Nikachora njia ya mbao iliyoinuliwa: kiboko apite chini, mtu apite juu, na mwishoni jukwaa la kutazamia ndege. Leo mkutano wa kijiji ulikuwa uamue, mchoro wangu au mapanga.

Mafundi walishajenga kipande cha mfano, pamoja na jukwaa lenyewe. Nikaenda alfajiri kukikagua kabla watu hawajafika. (Kiherehere changu.)

Ukungu ulikuwa umelala ziwani, mkono wangu mwenyewe siuoni vizuri. Hakuna ndege aliyelia. Vyura kimya. Mbao zinalia nikitembea, nikisimama zinanyamaza. Kisha ubao mmoja ukalia nyuma yangu. Nikageuka, hakuna mtu. (Mbao mpya huwa zinajinyoosha, najua. Ila pale sikukumbuka.)

Nilipofika jukwaani nikasikia pumzi. Nzito, ya taratibu, inatoka kwenye matete. Nikajua ni kiboko.

Halafu kiboko akaanza kuimba.

Bibi yangu wa Nyamuswa alituambiaga kuhusu watu waliozama, wanaoimba majini wakitafuta wa kumshika mkono. Nilikuwaga namcheka. Leo sikucheka. Ukungu ukafunguka kidogo, nikaona kichwa. Cheupe chote, hakina macho, hakina mwili, kimekaa juu ya maji, na kikanigeukia polepole.

"Toka kwa jina la Yesu!" (Sauti hii kwaya nzima wanaijua.)

Kichwa kikaacha kuimba. Kikajipangusa povu la sabuni machoni.

"Mama Baraka," kikasema kwa upole, "toka wewe kwanza. Mimi sijavaa."

Baba mkwe. Mzee ambaye tangu niolewe hatujawahi kula meza moja, nikimwona njiani naacha njia kwa heshima. Ukungu ukazidi kuondoka, na nyuma yake wazee wenzake, kila mmoja na sabuni yake, wote wananitazama.

Kumbe pale ndipo wanaume wanaogeaga. Nilipokuwa nachora niliwauliza wazee nani anatumia kona ile, wakatazama chini. Nani atamweleza mke wa mwanae mahali anapovulia nguo? Mimi nikaelewa kwamba hapatumiki, nikaweka jukwaa. Tena lenye benchi.

Nilikimbia, kiatu kimoja kikabaki huko. Mkutanoni nikakaa nyuma kabisa, nimejifunika kitenge mpaka puani, nikijua mchoro umekufa na matete yamekwisha. Nilitaka kulia. Baba mkwe akasimama. Hakutazama upande wangu, alisema na mwenyekiti.

"Mwambieni mchoraji hilo jukwaa livunjwe leo. Njia ibaki. Matete yasiguswe hata moja." Akakohoa. "Na pale kwenye kona yapandwe mengine."

Wazee wote wakanyoosha mikono kabla hajakaa. Vijana waliokuja na mapanga wakabaki kushangaa.

Sato wamepona. Mimi ukweni Krismasi hii siendi, na atakayecheka namtoa kwenye grupu.