Magunia Sita kwenye Stoo ya Dada

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimefanya jambo la kiume. Magunia sita ya viazi! Lori la shamba limesimama mlangoni, mtaa mzima vichwa nje madirishani. Baiskeli nimeiuza, ndiyo, lakini mtu mwenye magunia sita aendeshe baiskeli aende wapi? Mvua zikianza, barabara za mashambani zitageuka tope, viazi vitaadimika, na mimi nitakuwa nimekaa juu ya vyangu kama sultani. Yule Mama Robo wa kwenye kona, anayeuza kila kitu kwa robo kilo, atakuja kunipigia magoti.

Shida ni mahali. Chumba changu kinatosha kitanda na mimi, basi. Nikamwomba dada stoo yake. Dada ni mshonaji, na stoo ndimo anamoweka vitambaa. Akaniuliza kama najua kutunza viazi. Mimi! Nikamkumbusha kwamba niliwahi kushika jiko la kambi ya wajenzi wa barabara, watu mia tatu, na hakuna kiazi kilichothubutu kuniozea. Dada akanitazama kidogo juu ya miwani, akakata uzi kwa meno, akanipa ufunguo. Akasema niliangalie tu jora lake la bluu lililo kwenye rafu. Sketi ishirini na nne za shule, anapeleka Ijumaa ya wiki ijayo, na mwalimu mkuu ameshamwambia kwamba safari hii akiharibu, kazi inakwenda kwa fundi mwingine. Nikamwambia dada, hesabu jora lako liko benki.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Viazi vimekuja na udongo wa shamba zima. Aibu! Kambini kiazi kilikuwa kinang'aa kama goti la mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nimejaza pipa, nimekunja suruali, nimeosha magunia yote sita. Mgongo umekataa kunyooka.

Mama Robo akapita na beseni kichwani. Akasimama. Akauliza kama vyote hivyo navipika leo. Nikamwambia ni vya kuweka. Akacheka mpaka akatua beseni. Halafu akasema, haya baba, basi vianike vikauke kabisa, usivirudishe kwenye gunia na maji. Huyu ni mpinzani wangu wa biashara! Anipe ushauri mzuri kwa mapenzi gani? Nikavirudisha kwenye gunia saa ileile, maji yakichuruzika, huku nikimtazama machoni.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Dereva wa lori alisema viazi vinataka giza, vikipata mwanga vinakuwa vya kijani. Stoo ina dirisha. Nimelipigilia maboksi. Mwanga bado unapenya. Nikatafuta kitu kizito cha kuvifunika. Kwenye rafu, jora la bluu. Kitambaa kizito, kipana, kimekaa tu hakina kazi. Nikakitandaza juu ya magunia, nikakichomekea pembeni kama ninayelaza mtoto. Ni kwa siku mbili tatu, mpaka nipate turubai.

Nimetangaza nyumba nzima: marufuku kufungua mlango wa stoo, giza lisitoroke. Mpwa wangu, binti wa dada, ambaye ni muuguzi, akauliza tangu lini giza linatoroka. Elimu imewaharibu watoto hawa. Nikamsimulia nilivyolisha watu mia nne kambini, masika nzima, bila kiazi hata kimoja kuchipua. Akasema, mjomba, Jumatatu walikuwa mia tatu. Nikamwambia wengine walikuwa zamu nyingine.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kuna harufu. Mpwa anasema wodini wanaijua harufu hiyo, na mgonjwa wa namna hiyo huwa hakai muda mrefu. Nimemwambia viazi vinakomaa.

Dada anamalizia mashati ya watu kabla ya kuanza sketi. Nimemwona anatia uzi kwenye sindano. Mara ya kwanza, hola. Mara ya tano akasogeza kiti mlangoni kwenye jua. Sikujua macho yake yamefika huko. Nikamtilia mimi. Akasema, asante mdogo wangu, bila wewe ningekuwa wapi.

Nikautazama mlango wa stoo. Turubai nitanunua Jumatatu. Jumatatu bila kukosa.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Dada ameniwahi. Alikwenda kuchukua kitambaa akate sketi. Alipofungua mlango, maji meusi yalikuwa yamefika kizingitini.

Alilivua lile jora juu ya magunia polepole, akalinyanyua kwenye mwanga, madoa kila upande. Mpwa ndiye aliyesema, na alisema yote. Mama Robo akaja bila kuitwa, akakaa chini, akaanza kuchambua viazi kimoja kimoja. Kati ya magunia sita tumepata moja na nusu. Hakucheka. Hilo nalo limeniuma.

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo naandika. Kambini sikushika jiko. Nilikuwa muosha viazi. Wiki saba. Vikitoka stoo naviosha, vinakwenda kumenywa. Stoo yenyewe sikuwahi kuingia, ufunguo alikuwa nao mpishi. Dada ndiye aliyekuja kunichukua, akanikuta nimeinamia pipa, vidole vimekunjamana kama vya babu. Njia nzima hakuniuliza kitu. Tulipofika akawaambia watu kwamba mdogo wake alikuwa jikoni. Hayo mengine nimeongeza mwenyewe, kidogokidogo.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Dada amefua kitambaa mara tatu. Madoa yamefifia, hayakutoka. Nikamwambia nitakwenda kwa mwalimu mkuu nikaseme kosa ni langu. Akaniambia niache maneno, nishike upande ule wa kitambaa nivute.

Basi nimevuta. Alichora kwa chaki na kukata kutwa nzima. Pasipo na doa, mbele na nyuma ya sketi. Penye doa, mifuko na upande wa ndani wa mkanda. Mimi kazi yangu ilikuwa kuvuta na kutia uzi. Kilichobaki kwenye jora hakitoshi kufuta miwani. Ukiivaa sketi huoni kitu. Mpaka uigeuze. Nikamuuliza, na mtu akiigeuza? Akasema watu wana kazi zao, hawana muda wa kugeuza nguo za wenzao.

Usiku huu nalala na maneno hayo.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Zimepokelewa! Zote ishirini na nne. Mwalimu mkuu alivuta pindo, akasifu mshono, kazi ya muhula ujao ni ya dada. Ufunguo wa stoo sasa unaning'inia shingoni mwa dada.

Wakati wa kula, mpwa akanigeukia. Mjomba, akasema, kule kambini viazi vikioza mlikuwa mnafanyaje? Nilifungua mdomo niseme kweli. Wallahi, neno "pipa" lilikuwa limeshafika ulimini. Dada akanitangulia, macho yake kwenye sahani. Akasema havikupata nafasi ya kuoza, mjomba wako alikuwa analisha watu mia tano.

Niliinamisha kichwa. Nikamalizia tonge, nikamsahihisha. Mia sita.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Nimetafakari sana. Kosa lilikuwa viazi vyenyewe. Viazi vina maji mno. Dereva wa lori anasema wiki hii analeta vitunguu, na redio yangu imeshapata mteja. Stoo sina haja nayo, chini ya kitanda pana giza la kutosha. Tena vitunguu haviji na udongo. Uchafu wake ni yale maganda tu, nami nitavimenya vyote kabla ya kuviweka.

Mama Robo amesikia. Amekuja mbio mpaka dirishani kunisihi nisiyaguse maganda. Wivu uleule.

Kisu nimeshakinoa.